Ndege ya Euro Kumi na Tano: Mwongozo kwa Msafiri Mwenye Imani

Hongera. Umeiona tiketi ya euro 14.99 kutoka mji mmoja wa Ulaya kwenda mwingine, na umeshamtumia mpwa wako ujumbe kwamba Jumamosi uko kwake. Umepiga hesabu kichwani ukagundua kuwa hiyo haifiki hata nauli ya basi la Dar hadi Mwanza, ukajiuliza kwa nini wenyeji wa huko bado wanapanda treni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Usome kabla hujabofya chochote. Kama umeshabofya, basi usome taratibu, huna haraka tena.

Kwanza lijue soko uliloingia. Kariakoo muuzaji hukutajia shati kwa elfu arobaini. Unacheka, unageuka kama unayeondoka, anakuita, mnamalizana kwenye elfu kumi na tano. Bei huanzia juu, maneno huishusha. Kwenye tovuti za ndege za bei rahisi mchezo ni uleule, ila umegeuzwa kichwa chini miguu juu: bei huanzia chini, na kila mnavyozidi kuzungumza inapanda. Ukijifanya unaondoka hakuna wa kukuita. Ukirudi baada ya dakika kumi unaambiwa muda wako umekwisha na nauli imebadilika. Kwa hiyo ile 14.99 ichukulie kama salamu tu. Mazungumzo yenyewe hayajaanza.

Mtanzania aliyepitia tozo za miamala ya simu mwaka 2021 anaweza kudhani kwamba ameshakomaa. Bado.

Masomo yanaanzia kwenye begi. Tiketi ya chini kabisa inakupa ruhusa ya begi moja dogo, la kuingia chini ya kiti kilicho mbele yako, na udogo huo hupimwa kwa sentimita. Ryanair ya Ireland kwa miaka kadhaa iliruhusu 40 kwa 25 kwa 20, na mwaka 2025 ikaongeza hadi 40 kwa 30 kwa 20. Chukua rula, weka alama ukutani, uangalie. Hilo ni begi la mtoto wa darasa la nne, tena siku ambayo hana somo la sayansi. Sasa linganisha na mzigo wa mtu aliyeagwa nyumbani kwa heshima: dagaa wa Kigoma, unga wa muhogo, vitenge viwili vya mama mkwe wa mpwa, pilipili ya kopo, na kile kifurushi cha jirani ambacho hakuna aliyekuuliza kama una nafasi yake.

Getini utakuta kisanduku cha chuma. Begi likizama humo, unapita. Likibakiza kishikio nje, unalipa, na bei ya pale si ile uliyoiona kwenye tovuti. Kanuni ya biashara hii ni kwamba kadiri unavyoikaribia ndege, begi lilelile linazidi kuwa ghali. Spirit, kampuni ya kwanza Marekani kutoza begi la mkononi, ilianza Agosti 2010 na haikuficha mantiki yake: dola 30 kwa aliyelipa mapema, dola 45 kwa aliyengoja mpaka getini.

Usitegemee huruma ya mhudumu. Ryanair huwalipa wafanyakazi wa uwanjani bonasi kwa kila begi lililozidi kipimo wanalolinasa, na Novemba 2025 bonasi hiyo ilipanda kutoka euro 1.50 hadi 2.50. Konda wa basi la mkoani naye atakwambia mzigo huu unalipiwa, lakini konda ana macho na ana haya. Unaweza kumwambia ni nguo za msiba, akakuangalia, akaangalia mzigo, akasema haya lete elfu mbili. Kisanduku cha chuma hakijawahi kwenda msibani.

Tusizionee kampuni ndogo. Mashirika makubwa yaliyokuwa yakikubebea sanduku bila neno nayo yalifuata njia hiyohiyo. American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa sanduku la kwanza mwaka 2008, na sababu iliyotolewa ilikuwa mafuta. Kweli mafuta yalikuwa yamepanda: Julai mwaka huo pipa lilipita dola 145. Ilipofika Desemba lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Ada haikuanguka nalo. Tena kuna siri ndogo ambayo wahasibu wanaipenda: kwa safari za ndani ya Marekani nauli hukatwa kodi ya asilimia 7.5, ada ya begi haikatwi. Kila dola inayohamishwa kutoka kwenye nauli kwenda kwenye begi inakwepa mtoza kodi kihalali kabisa. Southwest ilishikilia mabegi ya bure kwa miongo kadhaa na kuyafanya ndiyo tangazo lake, na Mei 2025 nayo ikasalimu amri.

Baada ya begi, kiti. Utashangaa kuulizwa kama unataka kiti, kana kwamba wengine watasimama wakishika bomba. Utakaa, usihofu. Usipolipia, kompyuta itakupangia, nayo ina kipaji cha kutenganisha mume na mke walionunua tiketi kwa kadi moja, dakika moja. Huyu mstari wa 4, yule wa 29, wote viti vya katikati. Ushauri wangu ni kukubali. Safari ni ya saa mbili na ndoa nyingi zingefaidika.

Kama una mtoto mchanga, soma tena mstari huu: mtoto wa kupakatwa, asiyekalia kiti, asiye na begi, asiyejua kama yuko angani, kwa Ryanair hulipiwa ada ya euro 25 kwa kila safari ya kwenda au kurudi. Yaani wewe mwenye kiti umelipa 14.99, yeye anayekalia mapaja yako amekuzidi kwa euro kumi. Kwenye daladala mtoto hupakatwa bure, na mara nyingine abiria wa jirani hukusaidia kumpakata.

Halafu jina lako. Hapa sisi tuko hatarini kuliko wengine, kwa sababu tumelelewa na majina matatu, na kila ofisi huyapanga inavyotaka. Fomu ya tovuti inataka jina la kwanza na la ukoo basi. Utaweka la baba au la babu? Mwanahamisi ni neno moja au mawili? Andika kama pasipoti ilivyoandika, hata kama pasipoti ilikosea, hata kama bibi atakasirika. Kosa la herufi mbili tatu baadhi ya kampuni hulisahihisha bure, lakini kulibadili jina zima kwa Ryanair kunagharimu zaidi ya euro 100. Ni nafuu kumtupa msafiri wa zamani pamoja na tiketi yake na kumnunulia tiketi mpya huyu mwenye jina sahihi.

Bima ya safari siku hizi hukataliwa kwa kitufe kimoja, na kijana hawezi kuelewa tulikotoka. Kuna wakati kwenye tovuti ya Ryanair bima ilijitokeza kwa sura ya swali la kawaida: chagua nchi unayoishi. Orodha ikafunguka, mataifa yamepangwa kwa alfabeti, na katikati yake, baina ya Denmark na Finland, kama nchi changa iliyopata uhuru jana, palikuwa na maneno ya kusema hutaki bima. Asiyejua kwamba kukataa nako ni taifa alijikuta amekatiwa. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga faini Ryanair na mwenzake easyJet kwa namna walivyouza bima. Mimi ningewapa pia tuzo ya ubunifu.

Kuhusu malipo, tahadhari ni fupi. Ukiingiza kadi ya benki ya nyumbani, mashine itakuonea huruma na kujitolea kukugeuzia euro kuwa shilingi au dola papo hapo. Kataa. Kiwango cha kubadilishia ni chao, na huruma hiyo ina faida ndani yake. Lipa kwa sarafu ya muuzaji, benki yako ifanye kazi yake.

Sasa umeshalipa na unadhani umemaliza. Bado: lazima ujisajili kwa safari kwenye mtandao mwenyewe, ndani ya muda uliowekwa. Ukisahau ukafikia kaunta, Ryanair wanataka euro 55 kwa kazi ambayo zamani ilifanywa na dada mwenye tabasamu, bure. Enzi za kuchapisha pasi ya kupandia kwenye karatasi nazo zilikuwa na visa vyake. Mwaka 2012 mama mmoja aliyekuwa akirudi na familia kutoka Hispania alitozwa euro 300 kwa pasi tano alizoshindwa kuzichapisha, akalalamika, dunia ikamwonea huruma. Bosi wa kampuni, Michael O'Leary, hakuona haya kusema hadharani kwamba huo ulikuwa ujinga wake mwenyewe. Huyohuyo O'Leary mwaka 2009 alikwenda kwenye televisheni ya BBC akasema wanafikiria kuweka tundu la sarafu kwenye mlango wa choo cha ndege. Choo cha kulipia hakikuja. Lakini angalia dunia nzima ilivyoitangaza kampuni yake bure kwa mwaka mzima, uone nani alikuwa mjinga siku ile.

Mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya ana somo la ziada. Hata kama umejisajili na pasi iko kwenye simu, mara nyingi unatakiwa upite kaunta hati zako zikaguliwe kabla ya ukaguzi wa usalama. Huduma hiyo haina ada. Foleni yake ndiyo ina bei, kwa sababu ndege ikikuacha, kuhamishiwa inayofuata kunagharimu mara kadhaa ya nauli uliyojisifia.

Na utakapotua, uliza umetua wapi. Uwanja unaoitwa Paris-Beauvais uko kilomita kama 85 kutoka Paris, yaani ni sawa na mtu kukwambia karibu Dar es Salaam wakati hata Mlandizi hujafika ukitokea Chalinze. Ule wa Frankfurt-Hahn uko kilomita kama 120 kutoka Frankfurt. Basi la kukufikisha mjini lina nauli yake, na mara nyingi inaipita ya ndege.

Utauliza: hakuna sheria? Ipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho ioneshwe tangu mwanzo pamoja na kila tozo isiyoepukika. Neno lenye kazi hapo ni hilo la mwisho. Kampuni zinasema begi linaepukika, kiti cha dirishani kinaepukika, kusafiri na mwanao kwenye mstari mmoja kunaepukika. Mwaka 2014 mahakama ya Umoja huo ilisema sanduku la kuhifadhiwa tumboni mwa ndege linaweza kutozwa, ila begi la mkononi la ukubwa na uzito wa wastani ni sehemu ya safari. Wastani ni nini? Hapo ndipo wanapogombana hadi leo. Novemba 2024 Hispania ilizipiga kampuni tano faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa mambo haya, na nyingi ya hizo ziliangukia kwa Ryanair. Wamekwenda mahakamani. Ukizingatia kwamba karibu theluthi ya mapato ya Ryanair hutokana na vikorombwezo hivi na si nauli, wewe pia ungekwenda.

Sisi wenyewe si wageni kabisa. Novemba 2012 Fastjet ilipoanza Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli iliyoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada za serikali, watu wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, na wengi walijifunzia hapohapo maana ya neno "kabla". Abiria wa Mwanza mwenye boksi la sato alijifunza zaidi. Nchi haikuchukia. Kampuni ilipofunga shughuli zake hapa mwishoni mwa 2018, niliwasikia watu wakiilaani kwa sauti ya wanaoomboleza.

Nimebakiza suala la kuvaa nguo zote, maana kuna watakaokushauri hivyo. Nilijaribu. Nilikuwa natoka Berlin kwenda kwa mpwa wangu karibu na Milano, kwa tiketi niliyoshaeleza. Nilivaa mashati mawili, sweta, na koti la baridi lenye mifuko minane, na kila mfuko nikaushindilia. Unga nikaugawa mifuko ya chini, dagaa juu, pilipili kifuani. Begi likazama kwenye kisanduku cha chuma bila kugusa kingo. Mhudumu alinitazama nilivyokuwa mnene kuliko picha yangu ya pasipoti, akanipisha.

Nikakalia kiti cha katikati. Ndani kulikuwa na joto, na koti sikuweza kulivua kwa sababu lingekuwa begi. Baada ya nusu saa dagaa walianza kujitambulisha. Kijana wa kulia akafungua kiyoyozi chake, kisha changu. Yule wa kushoto akamwita mhudumu, akauliza kama kuna kiti kingine. Kipo, akajibiwa, mstari wa mbele, euro kumi na mbili.

Akalipa.