Sifa za Kijiti cha Soketi

Wapo wanaosifu korosho, wapo wanaosifu mpingo. Mimi leo nasifu kijiti: kile kikavu, urefu wa kidole, kinacholala juu ya televisheni Masasi na Newala kikingoja kuitwa.

Asiyekijua hajawahi kununua sabufa. Fedha za korosho zikishaingia, sabufa inapanda kutoka Masasi hadi Newala juu ya bodaboda, imefungwa kwa mpira kama mgonjwa. Majirani wamekaa. Plagi ina miguu miwili ya mviringo. Soketi ina matundu matatu ya pembe nne. Kimya. Ndipo baba mwenye nyumba anaposema, "Leteni kijiti." Kinaingia tundu la juu, milango ya matundu ya chini inafunguka, plagi inasukumwa, nyumba inatikisika kwa singeli.

Heshima yake ipimeni kwa yule kiliyemshinda. Mwaka 1947 Waingereza walitoa kiwango chao, BS 1363: plagi ya miguu mitatu bapa, fyuzi tumboni, na mguu wa ethi mrefu kuliko wenzake ili utangulie kufungua mlango. Katika kamati iliyopanga mambo hayo alikuwamo mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett. Mlango uliwekwa ili mtoto asichokonoe umeme. Kamati nzima ilikesha ikijenga mlango. Kijiti cha mkorosho kinaufungua chai haijachemka.

Tazameni na upatanishi wake. Marekani wana volti 120, Japani 100, sisi 230. Wajerumani wana 230 kama zetu, ila miguu ya plagi yao ni ya mviringo. Mataifa yameshindwa kukubaliana tundu moja. Kijiti hakijaitisha kikao, na kimemkalisha Mjerumani ndani ya Mwingereza ukutani kwangu, hao hao waliofukuzana vitani mpaka Newala mwaka 1917. Tena hakina makuu: mita ya LUKU hudai tarakimu 20 ndipo ikupe umeme, kijiti hakidai hata moja.

Wapinzani husema plagi hiyo hulegea ikatoa cheche. Ni kweli, na cheche hizo ndizo hutujulisha kwamba umeme umerudi. Husema pia kwamba ethi haipo. Kwani sabufa ilikuja nayo?

Sifa kubwa kuliko zote ni kwamba kijiti ni mwalimu. Hakina darasa wala chaki, na somo lake huingia kwa kutazama tu. Juzi nimemkuta mjukuu wangu wa miaka minne amechuchumaa mbele ya soketi, ulimi nje, analenga tundu la juu barabara kama nilivyolenga mimi. Kijiti hakukipata. Alikuwa ameshika msumari.

Jioni ile kijiti kilitusaidia kuwasha mkaa. Sabufa imenyamaza, inangoja adapta kutoka Masasi.