Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali kuhusu neema ya Kariakoo

Hali ya maisha ya mikoa ya Tanzania Bara hulinganishwa zaidi kwa matumizi ya kaya. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliuweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Walioangukia chini yake kitaifa walikuwa asilimia 26.4. Rukwa walikuwa 45. Dar es Salaam walikuwa 8 tu, na jiji linashukuru kwa heshima hiyo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: atumiaye zaidi ndiye aishiye vizuri zaidi. Kwa hiyo kuli wa Kariakoo, eneo la biashara la jiji hilo, ni mtu wa neema. Alfajiri hutoka Chanika, pembezoni mwa jiji, kwa daladala mbili, na nauli zote huhesabika kuwa ustawi wake. Jua la saa saba likimkuta Mtaa wa Kongo na robota la vitenge kichwani, hununua maji ya chupa, ustawi unapanda. Haja ikimbana hulipia choo, unapanda tena. Mkulima wa Sumbawanga aendaye shambani kwa miguu na kunywa maji ya kisima hana cha kuandikisha kwenye safu hizo. Kweli, ofisi husawazisha tofauti za bei kati ya maeneo. Kulazimika kununua ndiko kusikosawazishwa.

Dodoso la utafiti huo huuliza pia kuta ni za nini, na saruji ni dalili njema. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 lilikuwa la saruji.

Sensa nayo ilihesabu watu walipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Saa hizo fremu za maduka ya Kariakoo zimefungwa, na kuli yuko Chanika, hivyo Kariakoo haimhesabu. Nyumba nyingi za Kiswahili, za vyumba sita na uani, zilizompangisha mtu kama yeye, zimebomolewa kupisha maghorofa ya fremu zinazopatikana kwa kilemba, malipo ya kuachiwa nafasi.

Ikiwa asilimia 8 iliyobaki inatakiwa kumalizwa, vyumba vya kupanga visogezwe mbele zaidi ya Chanika, ipatikane daladala ya tatu. Vikivuka mpaka hadi Kisarawe, mpangaji atahesabiwa Pwani, na jiji litabaki na takwimu safi zaidi.