Kiti Kinachopiga Magoti

Jirani yangu kanunua bomba la kiti cha baiskeli linalopanda na kushuka kwa kubonyeza kidude usukanini. Si mzaha: mwaka 2022 mwendesha baiskeli Matej Mohorič alitumia bomba la aina hiyo kwenye mteremko wa kilima cha Poggio, akawaponyoka wenzake na kutwaa mbio za Milano-Sanremo. Jirani yeye ameshinda Jumamosi nzima akivua waya ndani ya fremu kama mvuvi wa kambale. Akaukaza mno; kiti kikawa kinazama naye taratibu, kama mtumbwi uliotoboka. Akaulegeza, kikagoma kushuka. Kisha akaikaza bolti ya fremu inayolibana bomba kwa nguvu zote za kiume, bomba likakwama katikati. Bwana wee, bolti hiyo hukazwa kwa kiasi! Na mtaani kwetu hakuna hata kilima kimoja.