Mimi Tajiri, Muulize Afisa Utumishi

Mimi ni tajiri. Sikuwa najua. Nimeambiwa ofisini kwa maandishi, tena kwa karatasi ya rangi.

Afisa utumishi wetu alipelekwa Arusha kusomea cheti cha usimamizi wa mishahara na marupurupu. Karudi nacho, kina muhuri wa dhahabu, kakitundika ukutani palepale palipokuwa na ratiba ya likizo. Ratiba haijaonekana tena. Kisha kila mfanyakazi akapewa bahasha. Vijana wakaanza kushangilia nyongeza, lakini mzee wa stoo aliipapasa yake, akatikisa kichwa. "Wanangu, nyongeza huwa mstari mmoja. Hii ni nene. Humu kuna maelezo."

Kweli, yalikuwa maelezo: jedwali lenye kichwa "Thamani Kamili ya Ajira Yako". Mimi nijuavyo, mshahara wangu ni shilingi 800,000 kwa mwezi. NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mapato inachukua 60,000. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15, yaani 120,000, maana nilisoma kwa deni na deni halina urafiki. Zinabaki 540,000, ambazo mama mwenye nyumba, luku, daladala na ada ya watoto wameshagawana kabla sijazishika. Jedwali likasema hapana, bwana, wewe unagharimu karibu milioni moja na laki mbili kila mwezi. Nikaangalia kama jina ni langu. Lilikuwa langu.

Hizo laki nne zimetoka wapi? Kuna 80,000 ya mwajiri kule NSSF. Hiyo ni yangu kweli, naiheshimu, ila tutaonana uzeeni. Kuna asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 4,000, ambayo faida yake naipata nikikatika kidole. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo inakwenda TRA bila hata kunisalimia. Kuna chai na andazi la saa nne. Kuna fulana ya Mei Mosi, iliyofuliwa mara moja ikawa ya mwanangu. Na kuna likizo ya siku 28, ambayo afisa kaikokotoa kwa shilingi na kuijumlisha juu ya mshahara, kana kwamba nikiwa likizo nalipwa mara mbili.

Safu ya mwisho ilikuwa ya marupurupu yanayonisubiri. Likizo ya uzazi, siku 84, na 100 kwa mapacha. Mimi ni mwanamume, zangu ni 3. Kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10, siku nitakapoachishwa. Nikajumlisha. Kwa mujibu wa cheti kile, njia ya kufaidi ajira yangu barabara ni niumie, nijifungue mapacha, kisha nifukuzwe, yote ndani ya mwaka mmoja.

Ninacholalamikia ni hiki. Ukitoa andazi na fulana, kila kilichomo kwenye jedwali kimeamriwa na sheria. Likizo, uzazi na kiinua mgongo vimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Michango ina sheria zake. Mwajiri asipotoa, anashtakiwa. Sasa tangu lini kutovunja sheria kukawa zawadi kwangu?

Fani yenyewe ya marupurupu sina ugomvi nayo. Marekani ina historia ya kueleweka: mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilizuia mishahara isipande ovyo. Waajiri wanahitaji watu na hawaruhusiwi kuongeza fedha, basi wakaongeza bima ya afya. Marupurupu yalikuwa chambo cha kumvuta mfanyakazi, kitu kilichozidi mshahara. Elimu hiyo imepanda ndege, imetua kwetu, na mahali fulani angani ile ziada ikadondoka. Kilichofika ni jedwali.

Nikaenda kumwona afisa utumishi. "Kaka, naomba unieleweshe." Akafurahi, hajawahi kuulizwa. Akanieleza kwamba kila kazi hupimwa kwa alama: ujuzi, uzito wa maamuzi, wajibu. Yangu ilikuwa na alama za wastani. Ya kwake, aliyoipima mwenyewe baada ya kozi, ilikuwa imepanda. Akaongeza kwamba utafiti wa soko unaonyesha kampuni inalipa katikati ya soko. Nikauliza ni kampuni zipi zilizoulizwa. Akasema zinazofanana na sisi. Hapo nikaelewa: wenye njaa wamepimana matumbo, wakakuta yako sawa.

Nikamuuliza basi jambo moja tunalobishania kila siku kantini: kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Mwaka 2018 kanuni zilitaka mkupuo wa mstaafu uwe asilimia 25, watu wakapiga kelele, Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikawa 33. Mwaka 2024 ikapandishwa, wengine 35, wengine 40. Nikamwomba anipigie hesabu, mimi nitaondoka na ngapi? Akafunga kalamu. "Hilo liko moduli ya pili."

Jioni nilimwonyesha mama mwenye nyumba lile jedwali, nikidhani litanipatia heshima na wiki mbili za subira. Alilisoma lote, kwa makini kuliko nilivyolisoma mimi. "Mwanangu, kumbe una milioni na laki mbili?" Kodi ya nyumba imepanda tangu mwezi huu.

Moduli ya pili inafanyika Zanzibar, nauli ya boti inalipwa, na kuna posho ya kujikimu kwa kila usiku. Posho hiyo inatolewa mkononi, haikatwi na bodi ya mikopo, wala haisubiri niumie. Nimeandika barua kuomba niende mimi. Afisa amejibu kwamba kozi ni ya wataalamu wa marupurupu tu, ila atahakikisha gharama zake zinaingizwa kwenye jedwali langu la mwaka ujao.