Kisanduku cha Fisi

Simba alipotangaza ruzuku kwa kila mwenye chombo chenye akili unde, mbuga nzima ilijaa wavumbuzi. Nyani alileta mtego wa panya, akadai unapitisha uamuzi. Kiboko alileta mlango wake, eti unajua kujifunga upepo ukivuma. Aliyeondoka na fungu nono ni Fisi, kwa kisanduku chake cha kupanga zamu kisimani. "Hiki kinajifunza chenyewe, Mfalme," alisema, udenda ukimtoka.

Kiangazi kikaingia. Kila alfajiri Swala alifika na mwanawe. Kisanduku kikanusa kwato zao, kikawaandika wa mwisho. Zamu yao ikifika, ndoo inatoka na tope. Kumbe kilifunzwa kwa nyayo za miaka ya nyuma, wakati swala hawakuthubutu kusogelea kisima kwa kumwogopa Fisi huyo huyo. Nacho kikaamini swala hawaoni kiu.

Malalamiko yalipomfikia, Simba akaamuru kila chombo chenye akili kikaguliwe. Jioni ile ile mbuga ikaishiwa akili. Mtego ukawa waya na chambo, mlango ukawa mbao. Fisi naye alikwenda kwa Mbayuwayu, aliyerejea kutoka Ulaya. Ndege mwenye habari nyingi, ingawa huzigawa nusunusu.

"Kompyuta Deep Blue ilipomshinda bingwa Garry Kasparov kwenye sataranji mwaka 1997," Mbayuwayu alimwambia, "wako waliosema ile si akili, ni hesabu za kasi tu. Na sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya ya 2024 haikusudii vyombo vinavyofuata tu kanuni zilizotungwa na watu wenyewe."

Fisi akasimama barazani kifua mbele. "Changu ni hesabu tu. Kanuni nilizitunga mwenyewe."

"Zote?" Sungura akauliza.

"Zote, Bwana Sungura."

"Hata ile ya kwamba swala hawaoni kiu?"

Fisi akacheka, kama afanyavyo akibanwa. Akisema ndiyo, dhuluma ni yake. Akisema hapana, basi kisanduku kimejifunza, na kikaguliwe. Kobe, karani wa baraza, aliyeshinda akichora na kufuta mchangani mpaka wa akili, alikitupa kijiti chake akaanza kuandika majina ya walionyimwa maji.

Iliamuliwa Fisi arudishe ruzuku, na zamu apange Tembo. Fisi amekata rufaa: anataka kwanza baraza lieleze akili ni nini. Rufaa itasikilizwa masika, visima vikishajaa.