Namna ya Kufurahi Kabla Mshahara Haujaingia

Vifaa vinavyohitajika: sufuria moja yenye ukoko, jirani mmoja mwenye kukera, na imani ndogo kama punje ya haradali. Pesa si lazima. Muujiza mkubwa nao si lazima, ingawa ukija usiufukuze. Uso wa kununa uache nje ya mlango kabla hatujaanza. Paulo alipowaorodheshea Wagalatia tunda la Roho, furaha aliiweka ya pili, baada tu ya upendo. Kununa hakumo. Na Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Injili ya Yohana, ishara ya kwanza aliifanya harusini, divai ilipowaishia wenye shughuli.

Sasa ingia jikoni. Najua ulitegemea nianze na mkesha. Mkesha naupenda, lakini huo huja mara mojamoja, na vyombo vinachafuka kila siku. Mwalimu wetu wa jikoni ni Nicolas Herman, askari aliyejeruhiwa vitani, akabaki anachechemea, kisha akaingia utawa wa Wakarmeli mjini Paris na kuitwa Ndugu Lawrence. Hawakumpa mimbari. Walimpa jiko, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda hata kidogo, na akakaa humo miaka mingi. Alichofanya ni kuongea na Mungu huku anapika. Anaomba neema kabla hajaanza, anashukuru akimaliza, akikosea anaungama palepale na kuendelea na kazi, bila kushinda akijilaumu.

Safari moja wakamtuma Burgundy kununua divai. Biashara haijui, mguu haumsaidii. Ndani ya boti hakuweza kusogea ila kwa kujibiringisha juu ya mapipa. Hebu mtazame: mtawa mzima na kanzu yake, anabingirika kutoka pipa hadi pipa, moyoni akimkumbusha Mungu kwamba shughuli hii ni yake Yeye. Na divai ikapatikana vizuri tu. Lawrence alifariki mwaka 1691, na mazungumzo na barua zake vilikusanywa kuwa kitabu kidogo ambacho Wakatoliki na Waprotestanti wanakisoma mpaka leo.

Kwa hiyo leo jioni, unaposugua sufuria ya ugali, zungumza na Mungu. Lugha ya mimbari iache mimbarini. Mwambie ukoko umegoma kutoka. Mwambie ada ya mtoto haijatimia na mwalimu ameshatuma ujumbe. Mshukuru kwamba leo maji yametoka. Fanya hivyo na kesho, hata kama hukusikia chochote moyoni, maana mazoea haya huota polepole, na siku moja utajikuta unaimba huku mikono imejaa povu.

Hatua ya jirani ni fupi ila ina jasho. Teresa wa Lisieux, Mkarmeli mwingine, alikuwa akifua leso na wenzake, na dada aliyekuwa mbele yake kila akipiga leso, maji machafu yanamrukia Teresa usoni. Alitamani arudi nyuma na kujipangusa ili mwenzake aone. Nani aliyewahi kufua kwenye bomba la pamoja asiijue hamu hiyo! Akajizuia, akayapokea matone yale kama zawadi, mpaka akaanza kuyapenda. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, na mwaka 1997 Kanisa Katoliki likamtangaza Mwalimu wa Kanisa. Lakini tuelewane: nazungumzia maji ya leso. Mtu anayekupiga si zoezi la kiroho. Huyo mkimbie, umshtaki, na yeyote atakayekuambia uvumilie kwa jina la Yesu usimsikilize.

Jumapili, ibada ikiisha, usiwahi bodaboda. Baki kwenye mnada. Katika sharika nyingi za Kilutheri, wapo wasio na noti ya kutia kwenye bahasha, nao huleta walichonacho: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mayai, boga. Vinapelekwa nje, mzee wa kanisa mwenye sauti anamwinua kuku juu, na bei inaanza kupanda. Mmoja anataja elfu kumi, kijana wa kwaya anaongeza, akina mama wanamzomea baba mmoja mpaka naye anaingiza mkono mfukoni. Kuku anafika bei ambayo sokoni ungepata wawili. Aliyenunua mayai anayarudisha, yauzwe tena! Yakiuzwa mara ya pili, mnunuzi anasema apelekewe mama aliyejifungua juzi. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Sasa mtafute kwa macho aliyeleta ule mkungu wa ndizi. Pengine ni bibi, amesimama pembeni na kitenge chake, anasikiliza ndizi zake zinavyogombewa na watu wenye magari. Asubuhi alikuja akiona haya kwamba hana fedha. Mimi nimehubiriwa mengi juu ya furaha, na bado mahubiri yaliyoniingia kuliko yote ni uso wa mtu kama huyo. Nenda na vijisenti, ununue japo boga.

Imebaki siku mbaya, na hapo ndipo miongozo mingi huishiwa na maneno. Paulo na Sila walipigwa viboko huko Filipi, wakatupwa gerezani, miguu ikabanwa kwenye mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaimba, wafungwa wengine wakiwasikiliza. Baadaye Paulo aliwaandikia Wakristo wa mji huohuo, akiwa tena kifungoni: barua ya sura 4 tu, na neno furaha linarudi humo kila mara. Hakungoja afunguliwe ndipo afurahi. Wala hakuficha kwamba anaandika akiwa na machozi.

Kwa hiyo ukifiwa, lia. Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, na anayekuambia Mkristo wa kweli halii hajasoma vizuri. Kaa msibani usiku kucha, menya ndizi na wenzako, kwaya ikifika pambio unalolijua itikia hata kama sauti imekauka. Mtu akianza kusimulia vituko vya marehemu, cheka, usione aibu. Na kama msiba ni wa mwenzako, weka akilini wiki ya tatu, turubai limeshaondolewa na jamaa wamerudi makazini. Hapo ndipo uende, na mkate na majani ya chai, asubuhi, ukiwa na muda wa kukaa.