Simu Imeingia, Kava Bado

Anayenunua simu wiki ile ile inapotoka hukosa kava kwanza. Mengine atayakosa baadaye, kwa zamu. Nimezunguka Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, mtaa ambao makava ya simu zilizokwisha kusahaulika bado yametundikwa na vumbi lake, na kila muuzaji akanipa jibu lile lile: "Mzigo haujaingia, bosi." Simu yenyewe imeingia, iko mkononi mwangu, inateleza kama sabuni ya kipande. Kava lake bado liko baharini.

Winga, dalali wa mtaani, aliyenidaka kwenye kona hakukubali kushindwa. Winga wa Kariakoo hajui msamiati wa "hakuna". Alinipandisha ghorofa ya pili, akanishusha, akanivusha barabara, akanipandisha jengo jingine, mwisho akatokea na kava la simu ambayo si yangu hata kwa undugu wa mbali. "Hizi zinavaliana," akasema. Zilivaliana upande mmoja. Tundu la kamera lilikuwa limehama kidogo, kiasi kwamba picha zote nilizopiga kipindi kile zina wingu jeusi kwenye kona ya juu. Picha za send-off ya binti wa jirani zimejaa wingu hilo. Mama yake alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama siku ile kulikuwa na dalili ya mvua.

Na usidhani makava ni mambo ya uswahilini. Juni 2010 Apple walipotoa iPhone 4, antena yake ilikuwa ule ukanda wa chuma unaoizunguka simu pembeni. Ukiishika kwa mkono wa kushoto, kiganja kikaziba pengo dogo lililopo kwenye ukanda, mtandao unashuka. Mteja mmoja akamwandikia Steve Jobs, bosi mwenyewe, naye akamjibu kwamba aepuke kuishika namna hiyo. Jibu zuri sana lile. Nimelijaribu nyumbani kwenye suala la mlango wa kabati, halikupokelewa. Kelele zilipozidi, Julai 16 Jobs akaita waandishi wa habari na kutangaza kwamba kila mteja atapewa kava bure. Kava liliponya antena! Nilipomsimulia winga wangu alisimama katikati ya barabara, bodaboda zikimkwepa. "Kwa hiyo hata wao walikuwa wanatafuta kava?"

Baada ya kava ni fundi. Fundi wangu wa simu ni mtu anayeweza kubadilisha kioo huku anakula chipsi, na kioo kisipate hata tone la tomato. Nilimpelekea simu yangu mpya, si kwa sababu ilikuwa mbovu, bali mtu akipata mtoto humpitisha kwa wazee. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza pande zote, akanirudishia. "Hii sijaifungua bado," alisema. "Spea zake hazipo. Ikianguka moja ndiyo nitajifunzia." Kisha akanitazama machoni, kwa matumaini.

Tangu siku ile nimeshika msimamo kwamba mnunuzi wa mapema ni mwajiriwa wa kiwanda kama wengine wote, isipokuwa mshahara anaulipa yeye. Anaijaribu simu, anaichemsha, anaidondosha, analalamika, na malalamiko yake ndiyo yanayotengeneza simu nzuri atakayoinunua mtu mwingine baada ya miezi sita.

Tukio la boksi nalipitia haraka kwa sababu bado linaniuma. Ukishatoa simu na waya, utalitikisa boksi. Kila mtu hulitikisa. Hakuna kitu. Apple waliondoa kichwa cha chaja Oktoba 2020 kwenye iPhone 12, wakasema ni kwa ajili ya mazingira. Samsung wakawacheka mitandaoni, kisha Januari 2021 wakaitoa Galaxy S21 nayo haina kichwa. Siku hizi tunauziwa waya wenye ncha nyembamba pande zote mbili. Vichwa vyote nyumbani kwetu, na tunavyo droo nzima, urithi wa simu zilizotangulia mbele ya haki, vina tundu pana. Kwa hiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote sebuleni kwangu kilichajiwa usiku wa kwanza kwa jirani. Mama watoto aliuliza kama kesho tuipelekee na chai.

Asubuhi simu ilipowaka haikunisalimu. Iliomba apdeti. Hili lina maelezo yake: simu hufungwa kwenye maboksi na kupakiwa wakati wahandisi bado wanahangaika na programu zake, kwa hiyo wakati boksi linasafiri wao wanaendelea kurekebisha, na siku unapolifungua, kazi yao yote ya njiani inakusubiri wewe uishushe. Kwa bando lako. Bando langu la mwezi lilimalizika kabla ya chakula cha mchana, na simu ikajizima, ikawaka tena, ikaniambia kuna apdeti nyingine ndogo ya kurekebisha ile kubwa.

Wakati mwingine apdeti hiyo ndiyo dawa kweli. Septemba 2023, walionunua iPhone 15 Pro walilalamika kwamba zinachemka mkononi. Apple wakakiri kuwa kuna kasoro kwenye programu, na mwanzoni mwa Oktoba wakatoa marekebisho. Kwenye nchi za baridi joto la namna hiyo hujulikana upesi. Dar es Salaam mwezi wa Februari, simu ikichemka unajuaje kama ni yenyewe?

Programu ya benki nayo ilinikana. Ilisema kifaa hiki haikitambui, niende tawini na kitambulisho. Nikaenda, nikakaa kwenye foleni. Dada wa dirishani aliiomba simu ili aihakiki, akaanza na kamera. Akajipiga picha. Akamwita mwenzake, wakajipiga wote wawili, wakapanua kope zao kwa vidole kuona ubora. Foleni nyuma yangu ilianza kukohoa. "Sasa mbona ina wingu jeusi hapa juu?" akaniuliza, na nikalazimika kuanza hadithi ya kava upya mbele ya watu waliokuja kulipa ada za shule.

Ni kweli kuna walioona makubwa kuliko wingu. Agosti 19, 2016 Samsung waliingiza sokoni Galaxy Note 7, na wiki mbili hazijapita vizuri, betri zikawa zinashika moto. Wakatangaza kuzirudisha kiwandani, milioni 2.5 hivi. Waliowahi kununua wakapewa nyingine, salama. Nazo zikawaka. Oktoba kampuni ikaacha kabisa kuitengeneza, na Marekani ikapiga marufuku kupanda nayo ndege hata ikiwa imezimwa. Desemba mwaka huo, kwenye ndege iliyokuwa ikitoka San Francisco kwenda Boston, mtu mmoja alikuwa ameipa hotspoti yake jina la simu hiyo. Abiria wanaotafuta mtandao wakaliona. Wahudumu wakatangaza mwenye kifaa ajitokeze, hakujitokeza mtu, likaja tangazo kwamba taa zitawashwa usiku ule ule na mizigo yote ipekuliwe. Hapo ndipo mtu alipoinua mkono. Simu haikuwepo, lilikuwepo jina tu. Hotspoti ya kijana mmoja mtaani kwetu inaitwa "Lipa Deni la Mama Ntilie", na ninaamini imewatoa jasho watu wengi zaidi.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Aprili 2019. Samsung walikuwa wametengeneza simu ya kukunjwa kama kitabu, Galaxy Fold, bei yake dola 1,980, wakawapa waandishi wa habari za teknolojia waijaribu kabla haijaanza kuuzwa. Juu ya kioo chake kulikuwa na utando mwembamba wa plastiki. Baadhi ya waandishi wale, watu wazima, wenye kazi zao, wakadhani ni ile nailoni ya kiwandani. Wakaubandua. Vioo vikafa. Kumbe utando ulikuwa ni sehemu ya kioo chenyewe. Simu nyingine zikaharibika bila hata kubanduliwa chochote, na mauzo yaliyopangwa kuanza Aprili 26 yakasogezwa hadi Septemba.

Msiba wa nailoni usingetokea Temeke. Sisi hatubandui. Rimoti ya nyumbani kwetu imevaa nailoni tangu televisheni iliponunuliwa, na televisheni yenyewe ilishakufa. Kuna watu wanaendesha magari yenye nailoni kwenye viti mpaka siku ya kuyauza, halafu wanaitaja nailoni kwenye bei. Mama mkwe wangu ana makochi ambayo hakuna mgeni aliyewahi kukigusa kitambaa chake. Unakaa, kochi linatoa sauti, unaomba radhi, unakaa tena. Angepewa yeye ile simu aijaribu, ingekuwa hai mpaka leo, na juu ya ule utando angeitandikia kitambaa cha kufuma. Makampuni haya yanatafuta wajaribuji mahali pasipofaa.

Halafu wapo wa kuletewa. Kuletewa simu na ndugu kutoka Marekani ni heshima, na ndugu akiikabidhi uwanja wa ndege hupigwa picha kama mwenge. Tabu ni kwamba tangu mwaka 2022, iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia 14, hazina tundu la kuingizia laini. Zinatumia laini isiyoshikika, ya kuandikishwa ndani kwa ndani. Fundi wangu amewaona wengi. Mtu anafika kibandani ameshika laini kwa vidole viwili, anaomba kisindano cha kufungulia. Anapewa. Anaizungusha simu kushoto, kulia, juu, chini, anaipeleka mwangani, anamuuliza fundi kama tundu limejificha nyuma ya kamera. Fundi huwaacha watafute kwanza; anasema kumkatiza mtu ambaye simu yake imevuka bahari si adabu. Wakishachoka ndipo anawaambia wakaulize kwenye mtandao wao kama wanaandikisha laini za namna hiyo. Baadhi huondoka moja kwa moja. Wengine humwomba awatobolee.

Wapo pia waliouziwa feki, maana simu ikivuma sana, ya bandia inaweza kuonekana mitaani kabla ya ile halali. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozizima simu bandia Juni 16, 2016, watu wamejifunza kubonyeza *#06# kabla ya kutoa pesa na kuzisoma zile namba za utambulisho wa simu kwa sauti kama wanaapa. Kinachoniudhi mimi kuhusu feki ni kimoja. Ile huja na kava.

Sasa bei. iPhone ya kwanza kabisa ilitoka Juni 29, 2007, ya GB 8 ikiuzwa dola 599, na watu walilala nje ya maduka wakiisubiri. Septemba 5 ikashushwa hadi 399. Waliolala nje wakawaka, mpaka Jobs akawaandikia barua ya wazi kuwaomba radhi na kuwapa dola 100 za kununulia vitu dukani kwake. Mwaka 2013 ikatoka HTC First, iliyojazwa Facebook mpaka pomoni, ikauzwa Marekani dola 99.99 kwa mkataba wa miaka miwili. Mwezi haujaisha ikawa senti 99. Kariakoo barua za kuomba radhi haziandikwi. Nilipita kwenye lile duka nililonunua, nikaona bei mpya imebandikwa kwenye boksi, nikamtazama muuzaji naye akanitazama. "Wewe uliifaidi mapema, kaka mkubwa," akasema, akarudi kwenye kikokotoo chake.

Aliyeifaidi kwa bei ile mpya ni mpwa wangu. Aliinunua Januari, rangi ile ile, akapewa ofa: kava lake halisi, protekta, na kichwa cha chaja chenye tundu jembamba. Apdeti zote zilizonitafuna zilikuwa zimo ndani tayari. Fundi alikuwa ameshajifunza, maana Desemba kuna mtu wa Mbagala aliidondosha ya kwanza. Na benki ilimkubali mpwa wangu hapo hapo, akiwa amekaa kwenye kochi langu.

Tangu niliponunua yangu, kijana huyu alikuwa akija nyumbani karibu kila Jumapili. Anasalimia vizuri, shikamoo mjomba, anaulizia afya ya shangazi, anakula, kisha anauliza. Betri inafika jioni? Inachemka ukiwa unapiga video? Usiku kamera ikoje? Ukiwa kwenye daladala mtandao unashika? Mimi, kwa furaha ya kupata kijana anayeheshimu wakubwa, nilimjibu kila kitu, nikamwonyesha na palipokwaruzika. Alikuwa akiandika kwenye simu yake ya zamani. Nilidhani anachati.

Juzi amenipigia, shikamoo ndefu kuliko kawaida. Amesikia toleo jipya linatoka Septemba na anataka kujua nitachukua rangi gani. Nikamwambia safari hii sijaamua kama nitanunua.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Mjomba," akasema, "sasa sisi tutajuaje?"